Kichaka Kilichochanua Kabla ya Mvua

Harufu ya gadenia siiwezi. Wenzangu wakiisikia harusini husema, "Jamani, tamu hiyo," wanavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, na mimi natafuta mlango. Miezi michache iliyopita mteja aliniletea ua moja la gadenia ndani ya glasi ya maji, akaliweka juu ya meza ya cherehani yangu. Ilikuwa asante yake kwa gauni la kipaimara nililomshonea binti yake. Nilimshukuru kwa mdomo. Alipokwenda zake nikalibeba lile ua na glasi yake, nikaliweka nje juu ya kaukuta, na mbuzi wa watu akalila. Sikulionea huruma hata kidogo. Lakini niliporudi kwenye kiti nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, maana harufu ilikuwa imebaki vidoleni, na vidole vyenyewe ni vilevile vilivyofanya ile kazi nikiwa mtoto.

Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kwamba Shangazi Yuliana amefariki. Sisemi mambo haya mawili yanahusiana. Yalifuatana tu, nami nikapanda basi kwenda Mogitu nikiwa nimebeba moyoni jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mume wangu, si padri.

Ninyi mliosoma kule miaka yetu mnaikumbuka bustani ya mimea, ile iliyozungushiwa minyaa chini ya mlima Hanang. Mnakumbuka geti lake la mbao na kengele iliyotengenezwa kwa kipande cha chuma cha plau. Wataalamu fulani wa mimea waliianzisha, wakakusanya vichaka kutoka mbuga za Hirbadaw, kutoka matuta ya Mbulu na kutoka nchi ambazo hata walimu wetu hawakuweza kutuonyesha kwenye ramani. Kisha siku moja wakafunga mizigo wakaondoka. Funguo wakamwachia mpishi wao, na mpishi wao alikuwa shangazi yangu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Majina ya Kilatini yaliyoandikwa kwenye vipande vya makopo ya mafuta ya kupikia aliyatamka kwa namna ambayo wenyewe wangelia, lakini alijua kila kichaka kina tabia gani, kinapenda nini, na kinanuna mwezi gani.

Bustani yenyewe haikuwa na maua mengi kwa wakati mmoja, na wageni waliokuja siku mbaya walimwuliza Shangazi kama mimea imekufa. Alichukia sana swali hilo. Kila kichaka kilikuwa na zamu yake. Kulikuwa na kile ambacho majani yake ya juu huwa mekundu kama kitambaa cha altare. Mjini hukiita ua la Krismasi, lakini kwetu kilivaa wekundu wake katikati ya mwaka, wakati wa baridi ile ya kupasua midomo, na Shangazi akakiita mwehu. Kulikuwa na kingine ambacho ua lake huamka zambarau, kesho yake likapauka, keshokutwa likawa jeupe kabisa, hivi kwamba kwenye kichaka kimoja ulikuta rangi tatu. Kulikuwa na kifupi chenye shina lililovimba kama kibuyu, ambacho hutoa maua ya waridi wakati wa kiangazi kikali bila jani hata moja. Hicho tulikatazwa kukigusa kwa sababu utomvu wake ni sumu ya mishale.

Na kulikuwa na hiki, gadenia ya porini. Mwaka mzima hakikuwa na sura ya kumvutia mtu. Matawi ya kijivu, magumu, yametoka matatumatatu, na matunda makavu yanayofanana na mayai ya bata yaliyosahaulika. Kilikaa karibu na geti, na mpita njia aliweza kukiona bila kuingia. Mwishoni mwa kiangazi, siku chache kabla ya mvua za kupandia, kilijaa maua meupe kwa mkupuo, na harufu yake ikafika mpaka shuleni. Shangazi alikuwa amekitazama miaka mingi. Alisema kinanusa maji yaliyo mbali.

Mnajua kupanda mahindi kwetu kulivyo. Ukitupa mbegu kwenye vumbi na mvua ikaja upesi, shamba lako linatangulia ya wenzako. Ukichelewa, mahindi yanakutwa na upepo kabla ya kubeba. Ukiwahi mno, mbegu zinaishia kwenye matumbo ya kwale. Redio ilisema mvua zitakuwa za wastani au chini ya wastani au juu ya wastani katika baadhi ya maeneo, na watu wakaizima wakaenda kwenye geti la Shangazi. Ilikuwa kawaida kabisa. Wakitoka kanisani, au wakipita na punda kwenda gulioni Katesh, walisimama pale wakapaza sauti, "Yuliana, kimetoa?" Yeye akijibu bado, walirudisha mbegu kwenye dari. Akijibu kimetoa, kesho yake majembe yalisikika kila upande. Shangazi alikuwa na majivuno yake, siwezi kuficha. Siku ya kusema kimetoa alivaa kitenge kizuri.

Mimi si mtoto wa Mogitu. Kwetu ni juu, Mbulu, lakini Mama aliugua kifua akapelekwa hospitali Haydom, akalazwa huko muda ambao kwa mtoto wa darasa la tatu haukuwa na mwisho. Baba alibaki na ng'ombe na wadogo zangu. Mimi nikatupwa kwa dada yake. Nasema nikatupwa kwa sababu ndivyo nilivyohisi, ingawa Shangazi alinilisha vizuri kuliko nilivyokula nyumbani. Usiku wa kwanza alinikuta nimekaa juu ya gunia la mbaazi na begi langu mgongoni, sitaki kulivua.

"Mama anarudi lini?" nikamwuliza.

Akaelekeza kidevu dirishani, upande wa geti. "Kile kichaka kikitoa maua, utamwona."

Alimaanisha kuelekea mvua. Madaktari walikuwa wamemwambia Baba hivyo, miezi kadhaa, na Shangazi hakuwa mtu wa kalenda. Lakini mimi sikusikia tarehe. Nilisikia kwamba kichaka ndicho kinachomshikilia Mama, na kikitoa maua kinamwachia. Kuanzia asubuhi ile nilikwenda kukikagua kabla ya kunawa uso. Nilikisihi. Nilikitisha pia, nikakiambia nitakikata na panga. Kikakaa vilevile na mayai yake makavu.

Niliyekuwa nakaa naye dawati moja aliitwa Udabayda, na sisi tulimwita Uda. Alikuwa Mbarabaig, ametoka mbugani Hirbadaw na mama yake mjane. Kaka yake mkubwa, Gidamis, alikuwa amekwenda kutafuta kazi za kuchunga. Ng'ombe wao walikuwa wameisha kwa ukame, na mama yake, Mama Gidamis, alikuwa amepanda Mogitu na mbuzi watatu, akapewa kipande cha shamba jirani na bustani, akaamua kulima. Hakuwahi kulima maishani mwake. Alishika jembe kama mtu anayeua nyoka, watoto wakamcheka, na Shangazi akatoka na mwiko mkononi akawafukuza. Ni Shangazi aliyemfundisha kupima nafasi ya mashimo kwa hatua, na ni Shangazi aliyempa Uda sare ya shule, sketi ya buluu na sweta la kijani.

Mimi sikujua Kidatoga cha kwao na Uda hakujua Kiiraqw changu, kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa wa Kiswahili, kile cha shuleni cha kuombana kifutio. Kilitutosha. Nilipomwambia habari za Mama na kichaka hakunicheka. Alifikiri, akauliza, "Kinangoja nini?"

"Kinangoja maji. Shangazi anasema kinanusa maji."

"Basi tukipe."

Hapo ndipo ilipoanzia. Ningependa kusema lilikuwa wazo lake, na miaka kadhaa nilijaribu kulikumbuka hivyo. Lakini yeye alisema neno moja tu. Mimi ndiye niliyepanga saa, njia, na namna ya kuficha. Mchana Shangazi alikwenda mazoezi ya kwaya au kutembelea wagonjwa wa jumuiya, nasi tulitoka shuleni tukapitia chemchemi, kila mmoja na kidumu chake cha kawaida na kingine kidogo cha wizi. Kiangazi kile maji yalikuwa yanatoka kwa kubembelezwa. Tulisubiri foleni mpaka jua linageuka. Uda alibeba kidumu chake kichwani na cha wizi mkononi, shingo imenyooka, wala hakulalamika. Jioni niliongeza maji ya kuoshea vyombo na maji niliyoogea, yenye povu. Kisha, na hapa ndipo ninaposhindwa kujitetea kwamba nilikuwa mtoto tu, tulichota vumbi kavu kwa mikono tukalitandaza juu ya udongo uliolowa, tukaweka na majani makavu, mtu asijue. Mtoto asiyejua kosa hafichi.

Tulifanya hivyo siku nyingi, nadhani zaidi ya wiki mbili. Asubuhi moja niliamshwa na harufu.

Nilikimbia nje miguu mitupu. Kichaka kizima kilikuwa cheupe. Maua makubwa, mazito, yenye ngozi laini kama sikio la ndama, na nyuki walikuwa wameshafika. Nilirukaruka pale nikipiga makofi. Shangazi akatoka na khanga yake ya kulalia, akasimama mlangoni. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Alitazama kichaka, akatazama mlima. Juu ya Hanang hakukuwa na wingu hata la kufutia kioo.

"Mapema," akasema. "Mapema mno."

Angekwenda kukichunguza, nina hakika. Angeinama, angeona vumbi letu, angegusa udongo. Lakini Mama Gidamis alikuwa ameshafika getini na kamba ya mbuzi mkononi, Uda kando yake amevaa sare.

"Dada Yuliana," akaita. "Kimetoa?"

"Kimetoa, kama unavyoona."

"Basi mimi nipande? Mbegu yangu ni lile debe moja tu. Nyingine sina."

Shangazi akatazama tena mlima. Nilikuwa nyuma yake nimeshika ufagio. Ninakumbuka ufagio wenyewe, ulifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilijua kwamba jibu halisi liko kinywani mwangu. Hata nikiwa mdogo vile, nilijua. Lakini nilikuwa na hesabu yangu nyingine. Maua yameita, Mama yuko njiani, pengine ameshakunja shuka la hospitali. Nikisema maua haya ni ya uongo, basi na kurudi kwake kutakuwa kwa uongo, na basi alilopanda litageuza lirudi Haydom. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa nguvu zote.

Uda alinitazama. Alikuwa amefungua mdomo. Mbegu zilikuwa za mama yake, njaa ingekuwa ya kwao, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mimi nikatikisa kichwa. Mara moja tu, kidogo. Akafumba mdomo.

"Hakijawahi kudanganya," akasema Shangazi hatimaye. "Panda."

Jumamosi tulikwenda kumsaidia. Mama Gidamis alichimba, Uda na mimi tukafuata na mabakuli. Tulidondosha mbegu tatu kila shimo na kufukia kwa mguu. Alikuwa anaimba polepole kwa lugha yake, amefurahi, amevaa bangili zake za shaba zote, kama anakwenda ngomani. Nilifukia mashimo mengi sana. Nilikanyaga kila moja kwa kisigino mpaka likakaa sawa. Uda na mimi hatukusemezana mpaka mwisho wa tuta la mwisho, na hapo akaniambia tu, "Labda mvua itakuja kweli." Nikamwambia itakuja.

Ilikuja moja, ya kudanganya. Ilinyesha kiasi cha kutuliza vumbi, mbegu zikavimba, zikatoa ncha nyeupe, kisha jua likarudi likakaa. Wakulima wengine waliokuwa wamepanda walikunja uso wakafungua magunia ya akiba, wakangoja kurudia. Mama Gidamis hakuwa na gunia la kufungua. Alizunguka shambani kwake akichimbua mashimo kwa kidole kimoja, anatoa mbegu, anaitazama, anairudisha.

Na katikati ya siku hizo Mama akarudi.

Basi la Haydom lilimshusha barabarani mchana, na mimi nilikuwa nimetumwa chumvi. Niliona mwanamke mwembamba na mfuko wa rambo, nikaona anatembea kama Mama. Chumvi ilimwagika yote. Sijawahi kufurahi tena kiasi kile, hata siku ya harusi yangu, hata nilipozaa. Nilimnusa shingo, ananuka dawa na sabuni, na kifuani hakukuwa na ule mluzi wa ugonjwa. Jioni Mama Gidamis alikuja kumsalimu. Alileta maziwa ya wale mbuzi wake kwenye kibuyu, yote, na akakaa akimshukuru Mungu pamoja nasi. Mikono yake ilikuwa na udongo kwenye kucha. Mimi nilikunywa yale maziwa. Yalikuwa matamu, na nikaomba niongezewe.

Watu hawakumtukana Shangazi. Kwetu hawatukani, wanaacha tu kuja. Hata mvua zenyewe zilipofika, kwa kuchelewa, hakuna aliyesimama getini. Swali la kimetoa likafa. Shangazi aliendelea kupalilia vichaka vyote isipokuwa hicho, na Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani. Mama alirudi Mbulu, lakini mimi nilikuwa bado kwa Shangazi, kwa sababu wazazi waliona nimalize mwaka wa shule, kisha wakaona nimalize na mwingine.

Kabla mahindi ya wenzao hayajafika kiunoni, Uda alikuja mlangoni kwetu amejifunga shuka. Mkononi alikuwa na ile sare, imefuliwa, imekunjwa vizuri, sweta juu ya sketi.

"Naenda kwa mjomba," akasema. "Kule chini, kuchunga."

"Utarudi lini?"

Akacheka kidogo. "Kikitoa."

Nilimwona akishuka na njia ya mbuzi nyuma ya mama yake, bila kugeuka. Nikajiambia ni njaa ndiyo iliyomwondoa. Mtoto mmoja akipungua, sufuria inatosha. Hatia ya hilo ilinitosha kabisa, sikutafuta nyingine.

Asubuhi iliyofuata Shangazi aliweka sare ya Uda juu ya kitanda changu. "Vaa hii."

"Ninayo yangu, Shangazi."

"Vaa hii," akarudia, na hakunitazama.

Nikaivaa miaka miwili, mpaka viwiko vya sweta vikatoboka. Nilidhani ni ubahili.

Basi, tumemzika Shangazi pembeni ya bustani, kama alivyotaka. Vichaka vingi vimekufa au vimekuwa misitu ya kuku. Kile cha getini bado kipo, kimeongezeka urefu. Ulikuwa mwisho wa kiangazi na kilikuwa cha kijivu, na mayai yake. Nilikipita haraka nikaenda jikoni nyuma, ambako wanawake walikuwa wanachambua maharage ya makande ya waombolezaji, na pale kwenye kigoda nikamkuta Mama Gidamis. Amezeeka, duara za chale kando ya macho yake zimezama kwenye mikunjo, lakini shingo ni ileile aliyompa binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule Mase wa Yuliana? Kaa hapa, mikono yako isilale."

Nikakaa. Tulipokuwa tunachambua akaanza kumsema Shangazi kama watu wanavyosemwa siku za msiba, kwa wema. Akasema ndiye aliyemfundisha jembe, na leo ana ghala. Akasema mwaka ule mbaya Yuliana alimletea debe la maharage, akalipanda, likamvusha.

"Na watu walimlaumu bure," akasema. "Walisema kichaka chake kimekuwa cha uongo. Mimi pia. Nilikuwa nimeshavaa viatu niende kwa balozi wa nyumba kumi kumshtaki mbele ya watu. Ndipo yule binti yangu akashika nguo yangu. Akasema, mama usiende, ni mimi. Mimi nilikimwagia maji, nilitaka kuona maua."

Mkono wangu ulisimama juu ya ungo.

"Alisema yeye?"

"Yeye peke yake. Nikamwuliza nani mwingine, akasema hakuna. Nilimpiga na fimbo ya kuswagia ng'ombe. Nikasema mtoto anayechezea mbegu, shule si yake, akachunge. Nikampeleka kwa kaka yangu." Akatupa maharage mabovu kwa kuku. "Nilimwambia Yuliana. Yeye hakusema kitu. Kesho yake akaleta hayo maharage."

Nikaelewa sare. Maji yenye povu yalikuwa ya nyumba yetu, vidumu vilikuwa vyetu, na kwenye bustani ile hakuna kilichotambaa bila Shangazi kujua. Alijua ni mimi. Alimwacha mtoto wa mwenzake abebe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kwake, na kila asubuhi kwa miaka miwili aliponifunga vifungo vya ile sare alituvika sote wawili lile kosa. Akafa nalo.

"Mama," nikasema. "Hakuwa peke yake. Alikuwa ananisaidia mimi. Mimi ndiye niliyetaka kitoe, ili mama yangu arudi. Na siku ile getini alitaka kukuambia, mimi nikamkataza."

Wanawake wawili waliokuwa karibu wakainuka kwa adabu, wakajifanya wanakwenda kuangalia moto. Mama Gidamis hakuinua macho.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena, yote, pamoja na vumbi tulilotandaza na maziwa niliyokunywa. Nilikuwa nalia, lakini nilijitahidi nisilie sana, maana niliona kulia kwenyewe ni kuomba anihurumie. Mama Gidamis alitazama viganja vyake.

"Mimi nilimpiga mpaka fimbo ikavunjika," akasema. Kisha akafungua fundo la khanga yake, akatoa simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. "Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe."

Alimpigia Uda. Alizungumza kwa lugha yao, maneno machache, nikasikia jina langu, kisha akanipa simu na kurudi kwenye maharage yake. Nilitoka nayo nje. Miguu ilinipeleka getini bila kuiuliza. Upande wa pili nilisikia upepo, kengele za ng'ombe, mtoto anakohoa.

"Uda. Ni mimi."

Kisha ile sauti, imekwaruza, lakini ni ileile ya dawati moja.

"Kimetoa?"

Nilitazama yale matawi ya kijivu. "Bado."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, na niliyafungulia mdomo, lakini yeye alikuwa bado anauliza.

"Na mama yako? Yupo?"

"Yupo, Uda. Anatembea. Kifua kilipona kabisa."

Nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua kidumu. "Basi," akasema. "Niliondoka yeye bado ni mwembamba sana. Sikujua kama alibaki hai."

Miaka yote ile nilikuwa na habari hiyo moja ya kumpelekea, na njia niliijua, na sikuipeleka.